Nendeni Mkakae Benchi la Nyuma

Wajukuu zangu wa Msambweni, Ukunda, Tiwi, Kinango na Lunga Lunga, nasaha yangu kwenu ni hii: siku ambayo hamna kesi, hamdaiwi, wala hamjaitwa na mtu, vaeni nguo safi mwende mahakamani. Kwale mjini au Msambweni, popote palipo karibu nanyi. Ingieni, mkae benchi la nyuma, msikilize. Kaeni asubuhi nzima bila kusema neno. Mwoneni hakimu anavyoingia na watu wanavyosimama, yasikieni mashtaka yakisomwa, mwoneni shahidi anavyobanwa kwa maswali mpaka akajikanyaga, na yule mama asiye na wakili anavyouliza swali moja tu likawanyamazisha wote. Kisha rudini nyumbani mkaendelee na shughuli zenu.

Nawaambia haya kwa sababu nimekula mkate wa ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, na walioniumiza moyo zaidi hawakuwa wahalifu. Walikuwa vijana ambao siku yao ya kwanza kuuona ukumbi wa mahakama ndiyo hiyo hiyo siku ya kusomewa mashtaka. Mtu ametolewa rumande, hakulala, hakuoga, anapandishwa kizimbani mbele ya nyuso asizozijua, anasomewa maneno ambayo hajapata kuyasikia maishani. Anaulizwa: ni kweli au si kweli? Anajibu "ni kweli" ili mambo yaishe arudi kwao. Wala hayaishi, ndiyo kwanza yanaanza. Lau angewahi kukaa pale nyuma hata mara moja, angejua kwamba anaruhusiwa kuomba asomewe tena polepole, kwamba ana haki ya kupewa mkalimani bila kulipa hata senti, na kwamba kukana mashtaka si kumkosea hakimu adabu.

Mlango wa mahakama hauna mwenyewe. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kesi isikilizwe hadharani, na hadharani maana yake ni mimi na wewe tukiwemo. Ziko kesi chache ambazo wasiohusika hutolewa nje, kama zile za watoto au za shahidi anayehitaji kulindwa. Zilizobaki zote ni za kusikilizwa na yeyote. Lakini nendeni pale leo mtazame mabenchi: wamekaa washtakiwa walio nje kwa dhamana, mashahidi, jamaa waliofuatana nao, na mawakili. Mtu aliyekuja kusikiliza tu ni nadra kumwona. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa kuwa pwani hii haikuwa hivyo.

Kabla ya kuja sheria za kuandikwa, Wadigo na ndugu zetu Waduruma walihukumiana ndani ya kaya, vijiji vyao vya msituni. Katikati ya kaya palikuwa na moro, pahali pa kukutania wazee wa ngambi, yaani baraza lao, na huko ndiko ugomvi wa mashamba, mahari, ng'ombe na damu ulikopelekwa. Faini ililipwa kwa mbuzi na kwa tembo la mnazi. Mkienda Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, mtaingia msitu ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Watalii huelezwa habari za miti na dawa, na ni sawa. Nyinyi ulizeni habari za hukumu. Ulizeni wazee walikaa vipi, nani alisema kwanza, na aliyeshindwa alilipa nini.

Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Palikuwa na viraho, yaani vipimo vya kumtambua mwenye hatia, na kimojawapo kilikuwa cha shoka lililotiwa moto hadi likawa jekundu: mshukiwa hugusishwa, akiungua ana hatia. Mkono wa mwanadamu ukiguswa na chuma cha moto unaungua, awe mwizi au asiwe. Wanawake nao na vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee. Siwatumi mkairudishe kaya iwe mahakama. Ninalolishika ni moja tu: mtoto wa kaya alikua akijua hukumu hutolewa wapi na hutolewa na nani. Alipopelekwa mbele ya wazee hakuwa mgeni pale.

Chini huku ufuoni mambo yalikuwa na sura nyingine. Watu wa Vumba walikuwa na diwani wao, yaani mtawala, aliyetawazwa kwa siwa na ngoma kuu, na neno lake lilifuatwa Wasini na Vanga. Gazi palikuwa na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi alipovuka mpaka mwaka 1896 kuingia upande wa Wajerumani. Nyumba yake ingalipo Gazi, na baadaye ilitumiwa kuwa shule. Nendeni mkaitazame, lakini mkifika msiishie kuustaajabia mlango wa nakshi. Inueni macho muone dari.

Naomba mnivumilie hapa, maana jambo la dari ndilo lililonifumbua macho.

Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikaezekwa kwa boriti za mikoko, na mikoko ya Gazi na Vanga mnaijua. Boriti ina urefu wake na nguvu zake. Ukitaka ibebe dari ya mawe na chokaa bila kupinda, huwezi kuitandaza pana sana, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 hivi, si zaidi. Ndiyo maana vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba, kutoka Lamu mpaka Kilwa. Sasa jiulizeni: katika chumba chembamba namna ile, mngeweza kuwaweka mlalamishi na jamaa zake, mlalamikiwa na jamaa zake, mashahidi, na mji mzima unaotaka kusikia? Haiwezekani. Kwa hiyo mambo ya watu yalisemwa nje, barazani, pale penye viti vya mawe vilivyoshikamana na ukuta wa nyumba. Mwenye madaraka aliketi kwenye kivuli cha nyumba yake, wagomvi wakasimama mbele yake, na yeyote aliyekuwa akipita njiani aliweza kusimama akasikiliza. Kwa maoni yangu, hadhara ya hukumu zetu ililindwa na boriti ya mkoko kama ilivyolindwa na dini na mila.

Wazungu wa kampuni ya William Mackinnon walipopewa hati ya kifalme mwaka 1888, Shimoni ikawa mojawapo ya vituo vyao, na majengo ya kale ya utawala wa Kiingereza mtayaona huko mpaka leo, si mbali na pango ambalo watu hulihusisha na biashara ya watumwa. Kampuni ilishindwa na kazi. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, na kwa mkataba wa Desemba mwaka huo Sultani wa Zanzibar akaukabidhi ukanda wa maili 10 wa pwani utawaliwe na Waingereza, mwenye nchi akibaki kuwa yeye. Kwa sababu hiyo pwani ilikuwa na mahakama za aina yake. Kanuni za mwaka 1897 zilipanga mahakama za liwali, za mudiri na za kadhi. Liwali alisikiliza kesi ndogo ndogo za mji, kadhi akasikiliza ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Huku bara ya wilaya yetu, ambayo iliitwa Vanga, kisha Digo, kisha ikawa Kwale, kukawekwa mabaraza ya wazee yaliyosimamiwa na maafisa wa serikali, yakapewa sheria yao mwaka 1930 na nyingine mwaka 1951.

Mtu yule yule, basi, wa Diani au wa Kinango, angeweza kujikuta mbele ya wazee kwa shamba, mbele ya kadhi kwa talaka, na mbele ya hakimu wa Kizungu kwa wizi. Mlango aliostahili kuuingia ulitegemea kabila lake na dini yake kabla ya kutegemea jambo lenyewe. Mwaka 1967 serikali huru ya Kenya ilizivunja mahakama za Waafrika, ikaweka mahakama za mahakimu kwa watu wote. Mahakama za makadhi zikabaki, kwa kuwa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwa barua kwamba zitahifadhiwa pwani itakapoungana na Kenya huru. Leo ziko katika Kifungu cha 170 cha Katiba. Kila ninaposikia watu wakizozana kana kwamba mahakama ya kadhi ni zawadi ya juzi, huwaambia warudi kuisoma mikataba ya 1895 na 1963.

Turudi kwenye majengo. Waingereza walileta mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, vyuma na mabati. Kwa mara ya kwanza ikawa rahisi kujenga ukumbi mpana usio na nguzo katikati, na hukumu ikaingia ndani. Mombasa, karibu na Fort Jesus, lipo jengo la mahakama la mwaka 1902 ambalo sasa liko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Vukeni feri mkalione. Simameni mbele yake, mgeuke mtazame ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mtu alihukumiwa hapa akafungiwa pale, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Pingu na umbali huo mfupi viliwafundisha babu zetu kuiogopa mahakama kuliko kuijua, na woga ule wametuachia sisi kama urithi.

Woga huo umetugharimu ardhi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani. Kila aliyedai shamba alitakiwa afike mbele ya msajili wa hatimiliki, alete madai yake na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na mazoea ya ofisi, wanaojua kuandika au wenye jamaa anayejua, walikwenda wakaandikishwa. Wazee wengi wa Kimijikenda hawakwenda. Shamba lilikuwa la ukoo, minazi na miembe ilikuwa shahidi, makaburi yalikuwa shahidi. Aende kumweleza nani? Wakalala wenyewe, wakaamka maskwota. Sheria ile ilikaa vitabuni zaidi ya miaka 100, ikafutwa mwaka 2012, lakini madhara yake bado yapo njia nzima ya kutoka Likoni mpaka Vanga. Mkiuliza kwa nini kijana wa Diani anauza vinyago ufuoni mbele ya ardhi ambayo babu ya babu yake alilima, sehemu ya jibu ni ile meza ya msajili ambayo mzee wake hakuifikia.

Simlaumu mzee yule. Sheria iliandikwa kwa lugha asiyoijua, ikatangazwa na watu wasiomjali. Nyinyi je, mtasema nini? Mmesoma. Simu iko mkononi. Kesi za ardhi za siku hizi zinasikilizwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kwale mjini ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haiwabidi tena kulala Mombasa ili muwahi kesi ya asubuhi, hali wazee wetu walikuwa wakivuka kivuko cha Likoni usiku na faili kwenye mfuko wa plastiki. Mkishuka matatu Kombani mkapanda kilima, mmefika.

Mkishaingia, tazameni ukumbi ulivyopangwa, kwani kila kitu pale kimewekwa kwa maana. Hakimu ameinuliwa, ameketi chini ya nembo ya taifa. Karani yuko chini mbele yake. Mwendesha mashtaka na mawakili wameelekea kwake, mshtakiwa yuko kizimbani upande mmoja, na shahidi anasimama karibu na hakimu, mahali ambapo uso wake unaonekana vizuri. Wengi hudhani hakimu ameinuliwa kwa ajili ya heshima tu. Heshima ipo, lakini ameinuliwa zaidi ili aone. Aione midomo ya shahidi, mikono yake, anavyosita na anakosita. Katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, mwaka 1972, majaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki walikumbusha kwamba mahakama inayosikiliza rufani lazima izingatie kuwa ni hakimu wa kwanza aliyewaona na kuwasikia mashahidi. Majaji wa juu watasoma maandishi. Uso wa shahidi umeonekana mara moja tu, kwenye ukumbi ule, na aliyeuona vizuri ni yule aliyeinuliwa pamoja na nyinyi mliokaa nyuma.

Basi shahidi mwongo huogopa benchi la nyuma. Hili nimelishuhudia. Mtu anaweza kumdanganya hakimu aliyehamishiwa hapa kutoka Nyeri au Kisumu, asiyejua mti upi ni mpaka wa nani. Ni vigumu kudanganya mbele ya jirani kumi wanaoujua mti huo. Uongo chini ya kiapo ni jinai na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7, lakini kinachomzuia mtu papo hapo ni macho ya jirani. Mnapokosekana pale, mnamwachia mwongo uwanja.

Mahakama ya kadhi nayo iko hivyo hivyo, na huko mtajifunza jambo linalotuhusu sisi Wadigo kwa namna ya pekee. Asili yetu mali ilifuata upande wa mama: mjomba akifa, mrithi ni mpwa, mwana wa dada yake. Uislamu ulipoenea, sheria ikasema watoto wake mwenyewe ndio warithi, na mabinti wana fungu lao. Mvutano wa mpwa na mwana ukawa mwiba katika mabaraza ya wilaya hii tangu enzi za mkoloni. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981, ilitaka Wakenya wote wawe na kanuni moja. Waislamu wakalalamika, na mwaka 1990 bunge likakubali mirathi yao ifuate sheria ya Kiislamu. Kadhi ana uwezo pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye. Asiyekubali ana mlango mwingine.

Mabinti, hapa nawageukia nyinyi. Wapo wajomba na kaka wanaoitaja mila pale inapowapa shamba, na wanaoitaja dini pale inapowapa nyumba. Ukikaa mahakamani ukasikia kadhi akigawa mafungu mbele ya watu, binti akitajiwa lake kwa kipimo, hakuna kaka atakayekuambia tena kwamba mwanamke harithi. Kaunti yetu inaongozwa tangu 2022 na Fatuma Achani, mwanamke na mwanasheria. Msione ajabu kuutaka uwakili, na msingoje uwakili ndipo mjue haki yenu.

Kuna neno zito ambalo siwezi kulipita. Siku hizi Katiba, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuhimiza usuluhishi, zikiwemo njia zetu za jadi. Ni jambo jema na mimi nalipenda. Mgogoro wa mpaka, mbuzi aliyekula mihogo, deni la jirani, matusi ya arusini: hayo wazee wayamalize chini ya mwembe, na mahakama yenyewe hufurahi kuyarudisha. Lakini Katiba hiyo hiyo imeweka mpaka, kwamba njia za jadi zisivunje haki za binadamu wala zisiende kinyume cha haki na maadili. Mtoto akinajisiwa, hilo si la mwembeni. Najua yanayofanyika. Wazee wanaitwa usiku, baba wa mtoto anapewa pesa, familia mbili zinakula wali, kesho shahidi hapatikani na daktari hana wa kumpima. Wanaita maslaha. Mtoto amelala ndani hajaulizwa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kuiondoa kesi kama hiyo hauko mikononi mwa familia, mzee wa mtaa wala chifu. Mkilisikia jambo hilo linaandaliwa, hata kama anayeliandaa ni mimi babu yenu, nendeni polisi na hospitali siku ile ile, nguo za mtoto zisifuliwe, na mkiona polisi wanasuasua, nendeni ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma. Kumvunjia heshima mzee kwa ajili ya mtoto si utovu wa adabu.

Sasa mambo madogo madogo ambayo yangewaokoa wengi. Ukikamatwa, sharti ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati mahakama imefungwa. Rufani ya jinai ina siku 14, ya madai kutoka kwa hakimu ina siku 30, na siku hazimngoji mtu aliyekwenda kutafuta ushauri kwa jamaa Mombasa. Pesa taslimu za dhamana si faini: kesi ikiisha hali umehudhuria siku zote, ni zako, nenda na risiti yako ukazidai. Nimeona akina mama waliouza ng'ombe kumtoa mtoto rumande, kesi ikaisha, na pesa wasizirudie kwa kudhani zimeliwa. Na mtu yeyote akikusogelea langoni akakwambia anamjua hakimu, mpe salamu upite zako. Pesa ya mahakama inalipwa kwa mahakama, na malipo yake yana risiti.

Nina hofu moja kuhusu siku zijazo. Tangu maradhi ya korona, mwaka 2020, kesi nyingi zinatajwa kwa video, na tangu 2024 hati zinawasilishwa kwa mtandao nchi nzima. Nafuu ipo, siikatai: wakili hapotezi siku barabarani, faili haipotei kabatini, bibi wa Samburu ya Kinango halipi nauli kwenda kuambiwa tu kesi imeahirishwa. Ila bibi yule hana simu ya kufungua kiungo, na akiwa nayo hana bando. Hiyo ni kazi yenu. Kila mji uwe na kijana anayejua kusoma orodha ya kesi mtandaoni na kumwambia mzee tarehe yake kabla haijapita. Tena msiridhike na kioo. Kwenye kioo mtamwona hakimu na wakili, hamtaiona veranda.

Na veranda ndiyo baraza ya leo. Majengo ya serikali ya pwani yalipewa veranda ili kivuli kipoze kuta na mvua isiingie ndani, lakini watu wakaipa kazi yake ya zamani. Hapo ndipo wagomvi wawili hukaa benchi moja kwa kukosa nafasi, wakaanza kwa kutazamana vibaya, wakaishia kuulizana habari za watoto. Ni kesi nyingi nilizoziona zikimalizwa pale, ndani pakaandikwa tu kwamba wahusika wamepatana. Atakayechora mahakama mpya kwenye kaunti hii, na huenda akawa mmoja wenu, namwomba kwa moyo wangu wote: usitujengee boksi la vioo lenye kiyoyozi na sebule ya watu sita. Acha paa litoke nje, weka viti vya saruji kuzunguka ukuta, panda miti, tenga chumba cha mama anayenyonyesha na njia ya kiti cha magurudumu, na ukumbi uwe na mabenchi mengi kuliko idadi ya wenye kesi.

Ipo pia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo kila kituo cha mahakama kinatakiwa kuwa nayo. Hukutana hakimu, polisi, magereza, mawakili, maafisa wa watoto na raia, wakazungumza kuhusu yanayokwamisha haki. Vikundi vya vijana vinaweza kuomba kuwakilishwa. Ombeni. Mkiombwa mlete jambo, leteni lile mliloliona kwa macho yenu mkiwa mmekaa nyuma.

Basi chagueni siku ya wiki ijayo. Fikeni kabla ya saa tatu. Someni orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani, mchague ukumbi. Zimeni simu, vueni kofia, hakimu akiingia simameni, akiketi ketini. Msipige picha wala msirekodi. Msimcheke aliyeko kizimbani, na jambo la mtu mlilolisikia msilipeleke vibarazani kulifanya mzaha. Mkitoka, muulizeni karani kile ambacho hamkukielewa. Yumo kazini kwa ajili hiyo. Na askari wa langoni akiwauliza mmefuata nini, msibabaike. Mwambieni mmekuja kusikiliza.